Mwanangu Anaogopa Kila Kitu Kigeni: Je, Nimlazimishe?

Mpendwa Mama,

Umeniandikia kwamba mwanao wa miaka 3 hupiga mayowe akisikia mlio wa mashine ya kunyolea, hujificha nyuma yako anapoingia mgeni, na akiona mbwa hukung'ang'ania, nawe pia unawaogopa mbwa. Baba yake anataka alazimishwe ili akomae. Wewe humwondolea kila kinachomtisha. Unauliza ni nani kati yenu aliye sahihi.

Mwanao hana kasoro. Watoto wengi huanza kuwaogopa wageni kabla ya kutimiza mwaka 1, na katika miaka inayofuata, wakati bado hawajaweza kutenganisha vizuri mambo ya kweli na ya kuwaziwa, ni kawaida kuogopa giza, wanyama na kelele za ghafla. Tafadhali asiitwe mwoga, kwa maana jina hilo humfundisha kuificha hofu tu.

Kuhusu swali lenu, nasema bila kupindisha maneno kwamba njia zote mbili hazimsaidii. Mtoto anayeshikwa kwa nguvu na kunyolewa huku analia huzidi kuamini kwamba mashine ni kitu cha kutisha, na anayeondolewa kila mara hapati nafasi ya kugundua kwamba hofu ikivumiliwa kidogo hupungua yenyewe.

Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, alichapisha taarifa ya mtoto mdogo aliyeitwa Peter, ambaye alimwogopa mno sungura. Mtoto huyo alikuwa akila chakula anachokipenda huku sungura akiwekwa mbali, kisha akisogezwa karibu kidogo kidogo, na mara nyingine waliletwa watoto wasiomwogopa ili awaone wakicheza naye. Hatimaye Peter alimshika sungura bila woga.

Nanyi fanyeni hivyo kwa mashine ya kunyolea. Kwanza aione ikiwa imezimwa na aiguse akitaka. Siku nyingine aisikie ikilia chumba cha pili. Kisha aiwashe na kuizima mwenyewe mkiwa naye, kwa kuwa kelele anayoweza kuinyamazisha haimtishi sana. Halafu amtazame baba yake akinyolewa. Msivuke hatua kabla hajaizoea, na akirudi nyuma, rudini naye. Badala ya kumwambia hakuna cha kuogopa, mwambie, "Naona mlio umekushtua; hii inakata nywele, nami nipo hapa." Mgeni akija, mtoto asilazimishwe kumsalimia kwa mkono; mgeni akae, azungumze nawe, na mtoto amsogelee kwa wakati wake.

Kwa mbwa, ningependa baba ndiye aongoze. Mtoto mdogo asiyejua kama kitu ni salama huusoma uso wa mzazi wake, na uso wako, ambao siulaumu, utamwambia akimbie. Waanze kumtazama mbwa mpole kwa mbali, wala wasimguse mbwa wasiyemjua bila ruhusa ya mwenyewe.

Hofu ikimzuia kulala, kula au kucheza, au ikiendelea kwa miezi kadhaa bila kupungua, mpelekeni kwa daktari wa watoto. Kwa sasa, mtoto akishalala, keti na mumeo mkubaliane hatua ya kwanza itakuwa ipi, ili mtoto asione mmoja wenu akimvuta huku mwingine akimficha.