Ndago zinarudi kila baada ya palizi

Ndugu, umeuliza kwa nini ndago zinaota nyingi zaidi siku chache tu baada ya kupalilia mahindi. Ni jembe lenyewe. Chini ya ardhi kuna vijiazi vilivyoungana kama shanga, na vingi vimelala. Ukikata huo mnyororo, kila kijiazi kilichotengana na wenzake huamka na kuchipua. Palizi ya kina kwenye udongo wenye unyevu ni sawa na kuzipanda upya.

Kazi kubwa ifanye kiangazi. Lima sentimita 15 hadi 20, maana vingi viko hapo, acha mabonge yapigwe jua wiki mbili, kisha geuza tena. Kinachoviua ni kukauka. Mvua ikinyesha katikati, rudia tu, hakuna njia ya mkato.

Msimu ukianza, usiiache ndago ifikishe wiki tatu tangu ichomoze, kwani hapo huanza kutengeneza vijiazi vipya. Parua juu juu kila baada ya siku 10 hadi 14, mpaka majani ya mahindi yafunike mistari. Haivumilii kivuli, kwa hiyo kunde katikati ya mistari zinasaidia sana. Matandazo usiyategemee peke yake: ncha ya ndago hutoboa hata plastiki.

Vijiazi ulivyookota usivitupe kwenye mboji. Vianike juu ya bati au turubai hadi vikauke kabisa. Trekta likitoka shamba lenye ndago, lisafishwe udongo kabla halijaingia kwako.