Apige, ila awahi foleni

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza kama mwandishi wa habari apige kura au akae pembeni asije akaonekana ana upande. Jibu langu ni apige, na awahi foleni, maana asipowahi hatapiga kabisa. Niliripoti habari za Moshi na vijiji vya jirani kwa miaka 11 nikiwa mwandishi wa kujitegemea, nikilipwa kwa stori, kabla sijachoka na kufungua steshenari.

Nianze na hiyo foleni, kwa sababu wengi wanaobishana juu ya jambo hili hawajawahi kufanya kazi siku ya uchaguzi. Hapa kwetu Tanzania mtu anapiga kura pale alipojiandikisha. Jumapili ya tarehe 25 Oktoba 2015, mimi nilikuwa nimejiandikisha Moshi mjini na dawati la habari la redio limenipangia Vunjo, jimbo la jirani. Vituo vinafunguliwa saa 1 asubuhi, vinafungwa saa 10 jioni, kwa hiyo ukishapanda gari la Himo, hukohuko Vunjo, bila kupiga, ndiyo basi tena hadi miaka 5 ipite. Nilifika kituoni saa 11 na nusu alfajiri, shule ya msingi, kiza bado. Nikakuta kina mama wawili wameshakaa juu ya ndoo walizozigeuza, na babu mmoja aliyekuja na kigoda chake. Saa 1 na robo nilikuwa nimemaliza: karatasi tatu, ya rais, ya mbunge na ya diwani, kidole kikachovywa wino, nikatoka mbio kuiwahi Hiace. Wenzangu waliopangiwa Hai na Rombo hawakupiga. Mmoja wao siku hizi anapenda kusimulia kwamba alijizuia kwa ajili ya maadili ya kazi. Namjua vizuri, alipitiwa na usingizi.

Himo nikamsogezea mama mmoja kinasa sauti. Hakukiangalia kinasa, aliangalia kidole. "Kumbe na wewe dada umeshampa wa kwako!" Foleni nzima ikaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Kisha akaniambia habari za maji ya bomba, kwamba yanatoka usiku wa manane tu na wanalala kwa zamu wakiyangoja, na hakunifichia kitu. Sikuona dalili yoyote kwamba wino wangu umemtia wasiwasi. Mwandishi asiye na wino angemshangaza zaidi, angejiuliza huyu katoka nchi gani.

Wanaotaka mwandishi asipige kura hupenda kumtaja Leonard Downie wa gazeti la Washington Post la Marekani. Huyu aliacha kupiga kura alipopanda cheo na kuwa mwamuzi wa habari gani zitoke, na akawa mhariri mtendaji wa gazeti hilo tangu 1991 hadi 2008. Hakutaka kuchagua upande hata kimoyomoyo. Namheshimu kwa hilo, mtu kujinyima si jambo dogo. Ila mwaka 2004 gazeti lake hilohilo, kwenye ukurasa wa maoni ambao haukuwa chini yake, lilimuunga mkono hadharani mgombea urais John Kerry. Msomaji wa kawaida hajui chumba hiki ni cha nani na kile ni cha nani, anaona jina la gazeti tu. Halafu kule, katika majimbo mengi, mtu akijiandikisha kupiga kura anataja na chama chake, na orodha hiyo si siri. Ndiyo maana suala hili linawasumbua waandishi wao kuliko sisi. Daftari letu la wapiga kura halimuulizi mtu chama. Ukishaikunja karatasi yako na kuitumbukiza, imeondoka na siri yake.

Na sisi jibu tunalo, limeandikwa tayari, wala si lazima tulifuate ng'ambo. Fungueni Katiba. Ibara ya 113A inamkataza jaji na hakimu kujiunga na chama chochote cha siasa, na ya 147 inamkataza mwanajeshi. Zote mbili, hapohapo, zinamwachia haki ya kupiga kura iliyotajwa katika ibara ya 5. Jaji huyo ndiye anayeweza kesho yake kuletewa kesi ya uchaguzi na kumvua mtu ubunge, na bado hakuna anayemzuia kupanga foleni. Kilichokatazwa ni kadi ya chama. Kwangu mimi hapo ndipo mstari wa mwandishi unapopita pia, na huo ndio ambao hatuuheshimu. Nchi yetu haina mgombea binafsi, kwa hiyo mwandishi anayetia nia ya kugombea lazima awe na kadi ya chama mfukoni. Nimewaona wakiaga, wakapigwa chini kwenye kura za maoni za ndani ya chama, na wiki ya pili wamerudi kwenye kiti chao kuhariri habari za yule aliyewaangusha. Hao mbona hatuwaulizi swali?

Lakini nisijifanye msafi. Nina la kwangu.

Usiku ule wa 2015 nilirudi mjini nikapitia kituo nilichopigia kura, matokeo yalikuwa yameshabandikwa. Nikamulika kwa tochi ya simu fomu 21C, ile ya udiwani, nikanakili namba kwenye daftari. Niliyempigia alikuwa ameachwa mbali. Katika zile kura zake chache moja ilikuwa yangu, na niliiandika pamoja na nyingine, nikazisoma kwa simu dawatini kama zilivyo. Aliyeshinda nikamwita mshindi. Haikunichukua hata dakika moja ya kujishauri.

Sasa huyu mshindi, diwani ambaye sikumpa kura yangu, alikuwa na gari na alikuwa mtu wa watu. Mwandishi wa kujitegemea hapewi nauli. Stori moja ya nje ya mji ilikuwa inakula nusu ya malipo yake kwenye daladala na bodaboda. Basi simu inaita: "Dada, niko njiapanda, panda twende." Napanda. Tukifika kwenye kikao ananitafutia kiti cha mbele, tukirudi ananishusha mlangoni. Bahasha ya hela hakuwahi kunipa hata siku moja, na mimi nilijisifu sana kwa hilo.

Mvua za masika zilipokuja, mtaro wa sokoni ulikuwa umechimbwa na kuachwa wazi. Wauza ndizi walitandika mbao mbili za kuvukia, na asubuhi moja mkungu mzima ulimponyoka mama mmoja akabaki ameushika mkono wa mtoto wake tu. Nilikuwepo. Nilipiga picha, nikaandika majina, nikapima kina cha mtaro kwa kijiti cha mwamvuli. Stori ikakaa kwenye daftari wiki tatu. Kila nikitaka kuituma naona ngoja kwanza nipate kauli ya diwani, na kila nikiwa kwenye gari lake naona leo si siku nzuri ya kumuuliza.

Mwishowe redio nyingine ikaitoa. Jioni hiyo diwani alinipigia, hakuwa amekasirika hata kidogo. "Nashukuru wewe dada unatuelewa," akasema, na kwamba kesho saa 3 atakuwa njiapanda kama kawaida. Nilikuwa na shilingi 2,000 kwenye pochi. Nilipanda.