Kuendesha nilijua, kuegesha sikujua

Mtoto wa mama mdogo amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili California, anaondoka Agosti. Juzi kaniandikia: "Kaka, nikifika huko ninunue baiskeli au skuta ya umeme, ile ya kusimama juu yake?" Nikaanza kumjibu kwa kidole gumba, ujumbe ukarefuka mpaka simu ikapata moto. Basi namjibia hapa, na wengine mnaofungasha mabegi msome.

Mimi nimekulia Shinyanga. Kwetu baiskeli ni teksi, ni lori la mkaa, ni gari la kumpeleka mgonjwa zahanati. Nilijifunza kwenye Phoenix ya baba kabla sijakifikia kiti chake, mguu mmoja nimeupenyeza chini ya bomba la kati, mwili umepinda kama ndoana. Kwa hiyo nilipofika chuoni, mji tambarare katika Bonde la Kati la California, nikaona watu maelfu juu ya baiskeli, nikajisemea: hapa nimefika nyumbani. Chuo chenyewe sikitaji, maana nusu ya haya ni aibu zangu mwenyewe.

Aibu ya kwanza ni kipilefti. Sisi mzunguko wa barabara tumeuita kipilefti, na jina lenyewe linakuelekeza ushike upande gani. Marekani wanashika kulia. Nililijua hilo kichwani, ila mikono haikuwa na habari. Siku ya tatu, vipindi vimetoka, njia zimejaa baiskeli kama siafu, nikaingia mzunguko kwa kushoto kama niko Shinyanga mjini. Watu kama ishirini wakanijia usoni kwa mara moja. Sikuanguka, bali dada mmoja aliyenikwepa aliingia kwenye nyasi na kahawa yake. Ushauri wangu: wiki ya kwanza toka Jumapili asubuhi, wakati hakuna mtu, uzunguke mizunguko yote ya chuo mpaka mwili uzoee. Halafu usipite saa za kubadilisha vipindi. Tembea tu, hutachelewa sana.

Sheria nyingine za kuendesha nitazipitia haraka kwa sababu utazikuta kwenye kijitabu chochote. California mwendesha baiskeli ana haki na wajibu kama dereva wa gari, kwa hiyo alama ya kusimama inakuhusu na wewe. Usiku lazima taa nyeupe mbele inayoonekana umbali wa futi 300, yaani mita 90 hivi, na nyuma kiakisi chekundu. Usizibe masikio yote mawili kwa spika za masikioni; sikio moja linaruhusiwa. Ukilewa, baiskeli pia ina faini yake, mpaka dola 250. Na karia haibebi mtu kama haina kiti cha abiria. Hilo la mwisho liliniuma kidogo.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Katika miaka yangu miwili pale, matatizo karibu yote niliyoyapata na baiskeli yalinikuta nikiwa sipo juu yake. Yalinikuta imesimama.

Kwetu baiskeli unaiegemeza ukutani, au unampa kijana wa jirani na duka jicho moja tu, "niangalizie," basi. Chuoni hakuna wa kuniangalizia. Nilinunua kufuli la waya, lile jembamba linalojiviringisha kama nyoka, kwa kuwa lilikuwa rahisi. Nikafunga gurudumu la mbele kwenye chuma cha maegesho. Jioni nikakuta gurudumu limefungwa vizuri kabisa, kufuli zima, baiskeli haipo. Mwizi alifungua klipu ya ekseli, akachukua vilivyobaki. Hata kufuli hakulihangaikia.

Kwa hiyo nunua kufuli la chuma lenye umbo la U, na ufunge fremu pamoja na gurudumu la nyuma, yote mawili ndani ya U, kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini. Gurudumu la nyuma ndilo ghali, lina mnyororo na gia. La mbele likiwa na klipu, lifunge kwa waya wa ziada. Siku ya kwanza igeuze baiskeli juu chini uangalie chini ya fremu, pale mikono ya pedali inapokutana: kuna namba imegongwa. Ipige picha. Chuo kikiwa na utaratibu wa kusajili baiskeli, sajili siku hiyohiyo, ubandike stika. Mimi nilipokwenda kuripoti wizi, swali la kwanza lilikuwa namba, la pili stika. Nilikuwa na risiti tu na uso wa huzuni.

Baiskeli ya pili niliipata kwenye mnada. Vyuo vingi vya kule hukusanya baiskeli zilizotelekezwa na kuziuza kwa bei ya kutupa. Davis, mji unaojisifu kwa kuchora njia za kwanza za baiskeli za mjini Marekani mwaka 1967, minada ya chuo chao ina watu wa kupanga foleni. Basi nikawa makini, nikawa na U yangu nzito. Na hapo ndipo nilipofanya kosa ninalolionea haya mpaka leo.

Nilikuwa nimechelewa mtihani. Maegesho yamejaa. Mlangoni pa jengo kuna mteremko wa viti vya magurudumu, wenye reli ya chuma pembeni, imara, safi. Nikafunga hapo. Nilipotoka nilimkuta kijana mmoja asiyeona, fimbo mkono mmoja, mkono wa pili ukiteleza juu ya reli kama alivyozoea kila siku. Nilimwona kabla hajafika, nikafungua mdomo, nikachelewa. Mkono ukagonga usukani, kisha goti likagonga pedali. Hakupiga kelele. Alisimama, akaipapasa baiskeli yangu taratibu kuanzia kiti mpaka kengele, kama anayetaka kuitambua, akaizunguka, akaendelea. Nilimwomba radhi. Alinijibu kwa upole kwamba hiyo ilikuwa ya tatu wiki ile.

Ndiyo maana vyuo vinakataza kufunga kwenye reli, kwenye miti, kwenye nguzo za ngazi, na ndiyo maana watakukatia kufuli bila kukuuliza. Skuta za kukodi nazo ndiyo hivyohivyo: sheria ya California inakataza kuiacha imelala njiani ikawazuia watembea kwa miguu. Wewe unaona umeiacha dakika mbili. Kuna mtu ambaye njia yake nzima ndiyo hiyo.

Kuhusu swali lako, mdogo wangu, skuta au baiskeli. Skuta ya umeme California inataka uwe na leseni halali ya udereva au lena, yaani kibali cha anayejifunza. Njia ya waenda kwa miguu hairuhusiwi kuendeshewa, mwendo mwisho kilomita 24 kwa saa, na mshikaki hakuna, ni mtu mmoja tu. Hayo unaweza kuyatimiza. Tatizo ni usiku utailaza wapi. Mabweni mengi yanakataza kuiingiza ndani, na wanafunzi wanaona ni ukorofi wa wenye bweni. Siyo. Betri ya lithiamu ni vyumba vidogovidogo vingi. Kimoja kikipata hitilafu, kwa kugongwa au kwa chaja isiyo yake, kinachemka na kumchemsha jirani, na jirani anamchemsha jirani. Moshi wake ni sumu na moto wake hauzimiki kirahisi. Zile mbao za umeme za magurudumu mawili zinazojisawazisha zenyewe, hoverboard, zilizovuma mwishoni mwa mwaka 2015 ziliwaka moto majumbani mpaka vyuo vingi vikazipiga marufuku, na Julai 2016 Marekani ikatangaza kuondolewa kwa takribani laki tano kwa sababu ya usalama.

Ukishikilia kununua, tafuta alama ya kupimwa usalama wa umeme, UL 2272 kwenye skuta, au UL 2849 kwenye baiskeli ya umeme, na chaja iwe ileile iliyokuja nayo. Usichaji ukiwa umelala. Usichaji karibu na mlango: mlango ndiyo njia yako ya kutokea. Na kabla ya kulipa chochote soma mkataba wa chumba, sehemu ya zimamoto, maana kuna mabweni ambayo hata baiskeli ya kawaida ukiiacha kwenye korido au chini ya ngazi wanaiondoa asubuhi.

Skeitibodi, ule ubao mdogo wa magurudumu manne, sikuwahi kuijua, magoti yangu ni ya Phoenix. Ninachokumbuka ni kwamba ukifika mlangoni unaibeba mkononi, na darasani unailaza magurudumu juu. Kuna jamaa aliiweka magurudumu chini kwenye ukumbi wa ngazi, katikati ya mtihani, ikaanza kushuka yenyewe. Tak. Tak. Tak. Ngazi kumi na nne. Hakuna aliyeandika kitu mpaka ilipofika kwa profesa.

Kwa hiyo nunua baiskeli, ya mnadani, isiyovutia macho. Nunua na pampu, na viraka, kwa sababu kuna jambo ambalo hakuna aliyenionya: mbigiri. Mbigiri hii hii ya kwetu, iliyotuchoma nyayo tukichunga ng'ombe, imevuka bahari na imejaa kandokando ya njia za California. Niliichomoa ya kwanza kwenye tairi nikaitazama kiganjani kwa muda, na pembe zake mbili, kama nimekutana na mtu wa kijijini. Kisha nikaziba pancha.

Na ukiondoka likizo ndefu usiiache kwenye maegesho. Wanafunga karatasi yenye tarehe kwenye usukani, na tarehe ikipita wanakata. Mimi wiki ya mwisho nilimpa yangu Mrundi mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza amefika, pamoja na U, ufunguo wa akiba na ile stika tukaenda kuibadilisha jina. Akapanda, akazunguka uwanja mara moja, akaelekea barabarani. Kwenye kona ya kwanza alishika kulia. Kwao Burundi ndivyo wanavyoendesha.