Seli ya saratani hujuaje pa kwenda?

SWALI: Shikamooni. Mama yangu alitibiwa saratani ya titi, na sasa picha zinaonyesha ugonjwa umefika kwenye uti wa mgongo. Majirani wanasema amepata saratani nyingine, ya mifupa. Ni kweli? Nisichoelewa zaidi ni hiki: seli haina macho wala miguu. Ilitokaje kwenye titi ikaijua njia ya mfupani? *Msomaji, Tanga*

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Kwanza tuliweke sawa suala la jina, kwa sababu linabadilisha matibabu. Seli za titi zikihamia mfupani hubaki kuwa seli za titi. Mama ana saratani ya titi iliyosambaa, na dawa zake huchaguliwa kwa kuangalia seli hizo, hasa kama zina vipokezi vya homoni (protini zinazonasa homoni) na kama zina nyingi ya HER2, protini ya utando inayochochea ukuaji. Waulizeni madaktari wake majibu ya vipimo hivyo viwili yalikuwaje, na kama inafaa kuvirudia, maana hali ya vipokezi huweza kubadilika ugonjwa unapohama.

Sasa tuje kwenye njia. Mtu akipita uchochoroni usiku hufuata harufu ya chapati: inapozidi anasonga, inapofifia anageuka. Seli nayo hufanya karibu hivyo hivyo. Utando wake umejaa vipokezi, yaani protini zinazonasa kemikali za nje. Kemikali moja inayofahamika vizuri kwenye saratani ya titi ni EGF, ambayo kwa kawaida huchochea ukuaji wa ngozi na tishu. EGF ikinaswa, vipokezi viwili huungana na kubandikana fosfeti upande wa ndani. Hiyo ndiyo ishara. Pale ilipo kemikali nyingi zaidi ndipo ishara huwa kali zaidi, na upande huo ndio unaokuwa mbele ya seli.

Hapo mbele protini iitwayo Rac huamshwa, nayo huanzisha ujenzi wa nyuzi za aktini. Nyuzi huchipua matawi kama mkoko na kuusukuma utando nje, ukatokea mguu mpana na mwembamba. Mguu huo hushika nyuzi za kolajeni zilizo nje kwa vishikizo viitwavyo integrini. Nyuma ya seli hutawala protini nyingine, RhoA. Yenyewe huifanya miosini, ndugu wa ile iliyo kwenye misuli yetu, ivute na kubana mpaka mkia uachie. Sukuma, shika, vuta, achia. Unywele una upana wa mikromita 70 hivi, na seli nyingi za saratani zikiwa kwenye sahani ya maabara huhitaji saa kadhaa kuvuka upana huo.

Nani anatoa hiyo EGF? Jibu linauma kidogo: ni walinzi wetu wenyewe. Tafiti za panya zimeonyesha kwamba seli za saratani ya titi hutoa kemikali iitwayo CSF-1, inayowavuta makrofaji, zile chembe nyeupe zinazomeza uchafu. Makrofaji nao hutoa EGF. Basi kila mmoja humwita mwenzake, wakasogea pamoja hadi ukingoni mwa mshipa wa damu.

Kuhusu mfupa, mwaka 1889 daktari Stephen Paget wa London alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya titi, akaona kwamba ugonjwa hauangukii popote tu. Alifananisha seli na mbegu, na kiungo na udongo. Sehemu ya maelezo ilipatikana mwaka 2001: seli nyingi za saratani ya titi zina kipokezi CXCR4, na kemikali inayokiamsha, CXCL12, imejaa kwenye uboho, mapafu, ini na mitoki. Lakini tusiipe kemikali sifa zote. Saratani ya utumbo mpana hupenda ini kwa sababu damu ya utumbo hupitia huko kwanza.

SWALI: Nafanya jaribio la mkwaruzo: nakwaruza pengo kwenye tabaka la seli sahanini, kisha naangalia linavyozibwa. Seli nilizotia EGF zimeziba pengo lote ndani ya saa 36, ila msimamizi anasema sijathibitisha kwamba zimehama. Nimekosea wapi? *Mwanafunzi wa shahada ya pili, Nairobi*

JIBU: Msimamizi wako yuko sahihi. Pengo huzibwa na seli zinazohama na pia zinazozaliana, na EGF huchochea yote mawili kupitia kipokezi kilekile. Saa 36 zinatosha seli nyingi kugawanyika. Punguza seramu (majimaji ya damu yanayolisha seli na kuzichochea zizaliane) hadi asilimia 0.5 au 1, kisha soma matokeo kati ya saa 6 na 12. Wengine hutumia mitomaisini C, dawa inayozuia seli kugawanyika, mikrogramu 10 kwa mililita kwa saa 2, halafu huosha. Ni sumu ya DNA, kwa hiyo vaa glovu na ufanyie kazi ndani ya kabati la usalama.

Kwaruza kwa ncha ya pipeti ya mikrolita 200 ukiishika wima, kwa mkono mmoja usiositasita. Osha mara mbili, kwa sababu seli zilizobanduka hujishikiza tena katikati ya pengo na utadhani zimehama. Chora mistari chini ya sahani ili upige picha palepale kila mara, na ukokotoe asilimia ya pengo la saa sifuri, kwani mikwaruzo hailingani upana. Kama ulipaka kolajeni, huenda ncha imeikwangua nayo, na hapo seli hazitaingia hata ukiziongezea ishara.

Kubwa zaidi, jaribio hili halina upande wenye kemikali nyingi na upande wenye chache, hivyo haliwezi kusema kama seli *zinafuata* EGF. Tumia chemba yenye chujio la matundu ya mikromita 8: EGF chini, seli juu. Weka pia chemba ambayo EGF iko juu na chini kwa kiwango kimoja. Seli zikivuka sawasawa kote kuwili, EGF imezichangamsha tu, haijazielekeza. Wanafunzi wengi huruka kidhibiti hiki, na bila hicho hitimisho la mwelekeo halisimami.

SWALI: Je, ni kweli uvimbe ukichomwa sindano kuchukua kinyama, saratani husambaa? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Seli kuachwa kwenye njia ya sindano hutokea, ila ni nadra, na madaktari wanajua pa kujihadhari. Korodani inayoshukiwa haichomwi kupitia pumbu; huondolewa nzima kupitia kinena. Kwa titi, kukataa kipimo ndiko kunakohatarisha: bila kinyama hakuna anayejua vipokezi, na bila vipokezi dawa inachaguliwa kwa kubahatisha.

Ukikabidhiwa kontena ulipeleke maabara, hakikisha kinyama kimezama kwenye formalini ya asilimia 10, ujazo wake ukiwa kama mara kumi ya kinyama, na kwamba kimewekwa humo ndani ya saa moja tangu kitolewe. Kwa vipimo vya vipokezi kinatakiwa kikae humo kati ya saa 6 na 72. Usikiweke kwenye maji wala kwenye jokofu la kugandisha. Kikiharibika, kipokezi kilichopo huweza kusomeka hakipo, na mgonjwa akanyimwa dawa iliyomfaa.