Kabla Hujaandika "Ninayemfahamu"

Juma lililopita, kwenye benchi la nje ya masjala ya Mahakama Kuu hapa Tabora, nilimwona wakili msomi aliyeapishwa mwaka huu akigonga muhuri kwenye viapo sita vya watu ambao, kwa maelezo ya karani wake, walikuwa bado njiani kutoka Nzega. Sikumgombeza, kwa kuwa ndani yake nilijiona mwenyewe nilivyokuwa zamani. Nawaandikia ninyi mawakili wadogo zangu mnaoapisha watu badala yake, nanyi mnivumilie ukali.

1. Kifungu cha 8 cha Sura ya 12, sheria inayowahusu makamishna wa viapo, kinataka jurati, yaani maneno ya mwisho wa hati yanayothibitisha uapishaji, itaje kwa ukweli mahali na tarehe ya kiapo, na tangu marekebisho ya 2016 jina la kamishna pia, yaani wewe unayeapisha. Andika jina ndani ya jurati yenyewe, usiutegemee muhuri.

2. Kifungu cha 7 kinakukataza kumwapisha mtu katika shauri ambalo wewe ni wakili wake au una maslahi nalo. Mpeleke kwa wakili wa mlango wa pili. Itakugharimu salamu moja tu.

3. Utambulisho. Katika mwaka wangu wa pili wa uwakili, dalali mmoja aliniletea mume na mke waliokuwa wakiuza nyumba ya Isevya, nami nikatakiwa kuapisha kiapo cha ridhaa ya mwenza, ile ambayo kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaidai nyumba ya ndoa inapouzwa. Mume alikuwa na kitambulisho cha NIDA. Mke alikuwa na picha ya kadi ya mpiga kura kwenye simu, iliyofifia hata sura haionekani. Nilipoulizia cheti cha ndoa, dalali alicheka: "Wakili, hawa nawafahamu tangu wakiwa Urambo." Basi nikajaza kwamba mwapaji ametambulishwa kwangu na fulani, ninayemfahamu binafsi, ilhali huyo fulani nilimfahamu kwa soda mbili tulizokunywa pamoja. Ada yangu siku hiyo ilitosha mchele na nyama.

Miezi mitatu baadaye mke halisi alirudi kutoka Urambo, alikokwenda kumsaidia kaka yake kuvuna tumbaku, akakuta geti lake limefungwa kwa kufuli asiyoijua. Niliyemwapisha alikuwa dada wa muuzaji. Niliitwa kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba kama shahidi, na wakili wa upande wa pili, mtu mzima niliyemheshimu sana, hakunigusa kabisa kwenye sheria. Aliniuliza jina la baba wa yule dalali, mtaa anaokaa, na siku tuliyokutana kwa mara ya kwanza. Nilijibu kwamba tulionana Jumanne. Kiapo kilikuwa cha Alhamisi ya juma hilohilo. Mwenyekiti aliacha kuandika, akanitazama. Lakini kilichoniumiza zaidi ni yule mama, ambaye hakunitukana hata kidogo, alimgeukia mwanawe akauliza kwa sauti ndogo, "Huyu ndiye aliyeandika kwamba nilikwenda kwake?"

Tangu hapo mtambulishaji kwangu ni mtu ambaye naweza kufika kwake usiku bila kuuliza njia, naye anasaini kwenye daftari langu kando ya mwapaji. Wateja hulalamika kwamba nachelewesha, na wengine huhamia ofisi za jirani, waende.

4. Asiyejua kusoma, msomee hati yote kwa lugha anayoielewa kabla hajaweka dole gumba, kisha uandike kwamba umemsomea. Mzee mmoja wa Sikonge aliitikia "ndiyo" kila aya ya Kiswahili changu cha mahakamani, halafu akauliza shamba linauzwa lini, wakati hati ilihusu mirathi ya ndugu yake. Tulianza upya kwa Kinyamwezi.

Nawe kijana wa benchini, ikiwa umesoma hadi hapa, vile viapo sita vichane, uviandae upya wenyewe wakiwa wamekaa mbele yako.