Nimesoma falsafa, raha imeniondoka

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Niko mwaka wa pili chuo kikuu, nasoma falsafa. Tangu utotoni nimekuwa mpigaji wa matari katika maulidi ya mtaani kwetu. Siku hizi kaka yangu ananiambia matari ni bidaa, yaani uzushi katika dini, na darasani naambiwa furaha ile ni mihemko tu, haina ujuzi ndani yake. Nimeacha kupiga mpaka nipate jibu. Usiku nasoma vitabu kuhusu furaha, na mwenyewe sina. Nishike lipi: elimu, dini au sanaa? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ugomvi wa kaka yako na darasa lenu haukunitisha. Kilichonitisha ni hilo la kuacha kupiga mpaka upate jibu.

Imamu Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu, alipewa kiti cha kufundisha Nidhamia, chuo mashuhuri cha Baghdad, mwaka 1091. Falsafa aliisoma mpaka akawajibu wanafalsafa kwa hoja zao wenyewe. Mwaka 1095 ulimi wake ukafungika. Anasimulia mwenyewe kwamba alitaka kuwasomesha wanafunzi wake, neno lisitoke. Chakula hakikupita kooni, na matabibu wakasema ugonjwa umeanzia moyoni. Akakiacha kiti, akashika njia ya Damascus, Yerusalemu na Makka. Katika maelezo yake ya safari hiyo anasema kuijua siha ni kitu kimoja na kuwa mzima ni kingine: tabibu mgonjwa anaijua siha barabara, na siha hana. Nimekuona wewe hapo, na vitabu vyako vya usiku.

Kaka yako usimdharau. Wanaokataza ala wana hadithi wanazozitegemea, na wamo wanachuoni wakubwa. Lakini Ghazali huyohuyo aliandika kwa kirefu juu ya kusikiliza mashairi na ala. Dufu, yaani tari, aliliruhusu, ala zilizozoeleka kwa walevi akazikataza, na akasema sauti haiingizi moyoni kisichokuwamo, huchochea kilichomo. Hapa pwani nako jambo hili lina historia. Habib Swaleh, sharifu mwenye asili ya Ngazija, alipoingiza matari katika maulidi Lamu, wakubwa wa mji walimpinga. Aliwasomesha pia watumwa na wazao wao, watu waliokuwa wamefungiwa mlango wa elimu. Mimi hilo nalipenda kuliko yote: waliokuwa wakiitwa wajinga walipewa Kitabu, wakapewa na tari. Leo, mwishoni mwa Mfungo Sita, watu hutoka mbali kwenda Riyadha, msikiti wake huko Lamu, kwa maulidi yale yale.

Sasa darasani. Eti hakuna ujuzi? Kabla ya maulidi kuanza, mpigaji huipasha ngozi ya mbuzi kwenye moto wa makaratasi, akaigonga kwa kidole, akasikiliza, akairudisha motoni. Akizidisha, inapasuka, akipunguza, inatoa sauti nzito isiyofika popote. Nani alikuandikia kiasi cha moto ule? Na safuni mkono wako humsubiri mwenzako, maana anayetaka asikike yeye huiharibu kasida nzima. Mimi nimekulia uani, upande wa wanawake, na kutoka kule tulimjua aliyekosa pigo bila kumwona. Huo ni ujuzi, mwanangu, na sitakubali uitwe mihemko. Umo mikononi na masikioni, na haupatikani ukiwa umekaa pembeni unangoja ruhusa ya hoja. Furaha uliyokuwa nayo ilitoka humo humo, katika kujua jambo kwa mwili wako wote, pamoja na watu, mkimtaja Mtume.

Kwa hiyo usichague moja kati ya matatu. Rudi safuni maulidi yajayo. Vitabu endelea navyo, ila mchana; usiku ulale. Kaka yako mwalike, si aje kushindana, bali akae asikilize maneno ya kasida, kisha mjadiliane juu ya maneno hayo na hali za wanaoyasikiliza. Akikataa kuja, mpe salamu na umwache, ni kaka yako.

Na kama mwalimu wako wa chuo ataridhia, insha yako ya mwisho wa mwaka iandike juu ya hili: mpigaji anajua nini ambacho msikilizaji hakijui? Ukimaliza nitumie nakala. Nitaisoma yote.