Ukitaka kuuona ufalme kwenye stempu, anza na kilicho nyuma ya kichwa

Wengi wakishika stempu ya zamani yenye sura ya mfalme, macho hukimbilia taji. Mimi kazi yangu ni kuchora picha za mistari, na kadiri ninavyozichungulia stempu hizi ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba taji lina mchango mdogo. Kwenye kijikaratasi cha upana wa kidole gumba, taji ni vijistari vichache tu. Ukuu unatoka kwa kilichomzunguka mtu.

Chukua Penny Black, stempu ya kwanza ya kubandikwa duniani, iliyotolewa Uingereza Mei 1840. Upana wake ni milimita 19 hivi. Kichwa cha Malkia Victoria kilichongwa kwenye chuma na Charles Heath na mwanawe Frederick, kwa kufuata mchoro uliotokana na medali iliyochongwa na William Wyon. Weka lenzi ya kukuza mara kumi, lakini uso uache kwanza. Tazama ule weusi wa nyuma. Haukupakwa. Ni mtandao wa mistari ya kujipinda iliyokatwa kwa mashine, inapishana kwa usawa ambao mkono mtupu hauuwezi. Sasa rudi usoni. Paji, pua na shavu karibu ni karatasi tupu. Vivuli vimesukumwa chini ya taya, shingoni na kwenye nywele. Katika uchapaji huu wino hukaa ndani ya mifereji iliyochongwa, kwa hiyo penye weupe ndipo chuma hakikuguswa. Malkia ameguswa kidogo kuliko chochote kingine pale, na ndiyo maana anang'aa. Ukichora mtu mkubwa, fanya hivyo hivyo: jasho lako limalizie pembeni, uso uuache upumue.

Halafu angalia anakotazama. Kushoto, nje kabisa ya fremu, wala hana habari na wewe. Shingo imekatwa bila mabega wala nguo, kama kwenye sarafu. Hakuna kiti, hakuna ukumbi, na jina la nchi halipo. Stempu za Uingereza hazilitaji mpaka leo. Uso wenyewe ulikuwa pia kinga dhidi ya wenye kughushi. Benjamin Cheverton, mmoja wa washiriki wa shindano la 1839 la kubuni namna ya kulipia barua, alitoa hoja kwamba jicho lililozoea sura ya mtu hugundua upesi ikibadilika hata kidogo. (Sura hiyo ilikuwa ya Victoria wa miaka 15. Alifariki 1901 akiwa na miaka 81, na stempu za kwao zilikuwa bado zinamwonyesha kijana.)

Linganisha na stempu za Zanzibar za 1896, zilizochapwa na De La Rue, kampuni ya uchapaji ya London, zenye sura ya Sultani Hamed bin Thuwaini. Hapa uso umeelekezwa kwa mtazamaji. Kuna kilemba, kuna ndevu, na kuna bendera nyekundu, rangi ya pili kwenye kijikaratasi kile kile. Fuata mistari ya kilemba uone inavyozunguka na mikunjo ya nguo. Kazi safi, ila jicho linachelewa kumfikia mwenyewe kwa wingi wa mambo. Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza tangu 1890, na kila nikizitazama zile bendera nahisi zinapaza sauti kusema jambo ambalo Penny Black haikuwa na haja ya kulitaja: nani mwenye nchi.

Njia ya tatu utaikuta kwenye stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika za 1935. Chukua ile ya Mlima Kilimanjaro. Mfalme George wa Tano yumo ndani ya fremu yake, hashiriki jua wala kivuli cha mlima. Funika kichwa chake kwa kipande cha karatasi: mandhari yanabaki picha kamili. Funika mandhari: mfalme naye hapungukiwi kitu. Wamewekwa pamoja bila kukutanishwa, na huo ndio ukoloni ulivyochorwa.

Usijifunzie haya kwenye picha za simu, mistari inagandamana. Nunua stempu halisi za thamani ndogo zilizokwisha kugongwa muhuri. Zishike kwa kibano, si kwa vidole, na uweke taa ubavuni, si juu. Mwanga ukija kwa pembeni utaona wino umeinuka juu ya karatasi, mstari mmoja mmoja.